SHEMEJI, HIYO KARATASI HAIJAMALIZA KESI!

KIBARAZANI

Wiki iliyopita tuliachana pale nilipoahidi kueleza kwa nini wapangaji wa nyumba moja hugombania kamba ya kuanikia nguo kuliko wanavyogombania kodi. Naomba hiyo isubiri. Jumanne kuna jambo limenikuta, na nisipolitoa kifuani litanichoma.

Nilikuwa kibarazani kama kawaida, kikombe cha kahawa mkononi, washikaji wanabishana habari za Simba na Yanga kama vile wao ndio waliocheza. Mara namwona mtu amesimama pembeni, hasogei, haondoki. Nikamtazama vizuri. Lo! Shemeji! Yaani yule aliyekuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Tangu mwaka 2019 tukikutana njiani kila mtu hugeuka kuangalia upande wake.

"Shikamoo shemeji," nikamwamkia, maana adabu haina talaka.

"Marahaba. Nina shida na wewe. Tusogee pale kwenye mwembe."

Tukasogea. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitu kilichofungwa kwenye nailoni. Jamani, kabla hajakikunjua nilikuwa nimeshakijua. Ile karatasi! Imechakaa, mikunjo imekatika, lakini ni ileile.

Msomaji, ili unielewe itabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mwaka 2019 dada alikuwa na miaka minne ndani ya ndoa, mtoto hakuna. Mama mkwe wake alishaanza vijembe vya uani, mara kuku wa fulani ameangua, mara mbuzi wa fulani amezaa mapacha. Mwisho kikaitishwa kikao. Kwetu alikuja mjomba na baba mdogo, nami nikaongozana nao kama kijana wa kubeba soda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka huo huo, bado nanuka chaki.

Wakazungumza wee, mpaka shemeji akasimama katikati ya mkeka na kutoa karatasi ya maabara. "Mimi nimepima," akasema. "Nimeambiwa niko safi. Sasa mwenye tatizo ni nani?"

Mjomba akavaa miwani, akaiangalia karatasi, akampa baba mdogo. Baba mdogo naye akaigeuza mbele na nyuma, akanipa mimi. "Wewe ndiye uliyesoma baiolojia. Inasema nini?"

Nikaisoma. Kulikuwa na mamilioni, kulikuwa na asilimia, na chini kabisa neno moja la Kiingereza lenye maana ya kwamba mambo ni ya kawaida. Nikasema, "Inasema iko sawa, mjomba."

Sentensi hiyo moja ndiyo iliyoimaliza ndoa ya dada yangu. Jioni ile aliondoka na mabegi mawili na cherehani. Hakuna aliyemuuliza kama yeye amepimwa. Hakupimwa siku ile, na mpaka leo hajapimwa. Karatasi ya mumewe ndiyo iliyokuwa hukumu yake.

Sasa turudi kwenye mwembe. Shemeji akaniambia, "Wewe unaandikaandika magazetini, unajuana na watu. Nilioa tena mwaka 2020. Hakuna kitu. Na karatasi hii ilisema niko safi. Nieleze basi."

Ningeweza kumcheka. Nilikuwa na haki hiyo, na vijembe vya mama yake ninavyo vyote kichwani. Lakini nilimwona mtu mzima anashika karatasi kama mtu anayeshika tiketi ya basi lililokwishaondoka. Nikamwambia anipe siku mbili.

Nina rafiki tuliyesoma naye, yeye akaendelea, leo ni mtu wa maabara. Nikamfuata na kumweleza kisa chote, mpaka ile sentensi yangu ya 2019. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, wewe ulisoma majibu. Hukuuliza swali lilikuwa nini." Kisha akanikalisha na kunifundisha, na mengine akanipa nikasome mwenyewe. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyapata huko, kwa lugha ya kibarazani.

Tuanze na karatasi yenyewe. Kipimo cha kawaida cha shahawa kinaangalia yale yanayoonekana. Mtu wa maabara anaweka tone chini ya hadubini, anahesabu mbegu ziko ngapi, ngapi zinakwenda mbele, ngapi zinazunguka palepale kama mlevi aliyesahau kwake, na ngapi zina kichwa na mkia vya kueleweka. Shirika la Afya Duniani lina kitabu cha kuongoza kazi hiyo, na toleo lake la sita lilitoka mwaka 2021. Humo kiwango cha chini cha kulinganishia ni mbegu milioni 16 katika mililita moja, asilimia 30 ziwe zinakwenda mbele, na asilimia 4 ziwe na umbo zuri. Umesikia vizuri, asilimia 4 tu! Nyingine zote zikiwa na vichwa vya ajabuajabu, bado bwana anahesabiwa yuko sawa.

Viwango hivyo vilipatikanaje? Walichukuliwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, wakapangwa kuanzia wa chini mpaka wa juu, kisha ukakatwa mstari pale ambapo asilimia 5 ya akina baba hao wanabaki chini. Sasa piga hesabu mwenyewe. Wapo walio chini ya mstari na watoto wanao, nyumba imejaa kelele. Na wapo walio juu ya mstari ambao hawapati. Mstari ule haukuwekwa kutenganisha mzazi na mgumba. Sisi kwenye mkeka ndio tuliougeuza kuwa hakimu.

Basi kuna nini ambacho hadubini haikioni? Hapo ndipo rafiki yangu alipoanza kunipa mambo matamu.

Mbegu ikiwa safarini inaogelea taratibu, mkia unayumba kushoto na kulia kwa kipimo. Mwendo huo unatosha kwenye barabara ya lami. Lakini yai halikai wazi kama embe sokoni. Limezungukwa na ganda laini lakini gumu kupenya, na mbegu ikifika pale na mwendo wake wa lami, inagonga na kuteleza. Inatakiwa ibadilishe gia. Mkia uache kuyumba kistaarabu, uanze kupiga kwa nguvu upande mmoja kama mjeledi. Tuuite gia ya mlima. Mbegu isiyo na gia hiyo ni kama daladala linalokimbia vizuri barabarani, ukilipeleka kwenye mchanga linazunguka matairi tu, abiria mnashuka kusukuma.

Na kwenye tone la maabara hakuna mlima wala mchanga. Mtu wa maabara anaona magari yanakimbia, anaandika sawa, na hajadanganya.

Sasa, gia hiyo inaingizwa na nini? Kwenye mkia wa mbegu, ambao urefu wake ni kama sehemu ya ishirini ya milimita moja, kuna milango midogo mno. Kazi yake ni kuingiza kalisiamu. Ni kalisiamu hiyohiyo tunayoisikia kwenye habari za maziwa na mifupa, ila hapa iko katika hali ya ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme. Mlango ukifunguka, kalisiamu inaingia kwa kasi na mkia unageuka mjeledi. Mlango usipofunguka, au usipokuwepo kabisa, mbegu inabaki na mwendo wa lami maisha yake yote.

Mlango huo wataalamu wameuita CatSper. Halihusiani na paka, usije ukamsingizia nyau wa jirani! Wameunganisha neno la Kiingereza la ayoni yenye chaji chanya na lile la mbegu ya kiume. Uligunduliwa mwaka 2001 na Dejian Ren na wenzake katika maabara ya Profesa David Clapham kule Boston, Marekani. Walichofanya ni kuwatengeneza panya dume ambao jeni la mlango huo limezimwa.

Sasa wanaume wenzangu hapa msogeze viti. Panya wale walikuwa na afya yao nzuri. Mbegu zao kwa idadi zilikuwa za kawaida. Na kwa majike walikuwa wanakwenda kama kawaida, hakuna aliyesuasua. Lakini hakuna hata mmoja aliyepata mtoto! Mbegu zao zilishindwa kulipenya lile ganda la yai. Watafiti walipoliondoa ganda kwa mkono wao, mbegu zilezile zikaingia. Panya jike waliozimwa jeni hilohilo walizaa bila shida, maana mlango huu kazi yake ni kwenye mbegu za kiume.

Kwa hiyo bwana anayetembea kifua mbele mtaani, anayenunua mizizi ya kila aina na kutuambia kwamba yeye chumbani ni moto wa kuotea mbali, naomba aelewe kwamba nguvu za kiume ni jambo moja na uzazi ni jambo jingine. Panya wa Boston walikuwa moto, watoto hawakupata. Ile mizizi ya kwenye chupa ya soda haitengenezi jeni.

Mwaka 2011 timu mbili, moja ya San Francisco huko California na nyingine ya Bonn, Ujerumani, zilionyesha ni nani anayegonga hodi kwenye mlango huo kwa binadamu. Ni homoni inayoitwa progesteroni, na seli zinazolizunguka yai zinaitoa hapohapo. Yaani yai lenyewe, likiwa limetulia ndani, linatuma harufu yake kwa mgeni, "Umefika, badilisha gia." Hapo nilimwambia rafiki yangu kwamba hata huko ndani kumbe mwanamke ndiye anayekaribisha. Akacheka sana.

Milango ya mbegu haiko mmoja. Kuna mwingine wa kutoa potasiamu, unaoitwa SLO3, ambao unaiweka mbegu katika hali ya umeme inayotakiwa. Panya dume waliokosa huo nao walikuwa wagumba, na kwa binadamu pia yameonekana mabadiliko ya jeni lake yanayoleta ugumba. CatSper wenyewe si kitu kimoja. Protini nne tofauti zinashikana kutengeneza lile tundu, na nyingine kadhaa zinaushikilia mlango usianguke, na kila moja inatengenezwa na jeni lake. Ni kama geti la bati. Bawaba moja ikikosekana, geti zima liko chini.

Hapo nikauliza swali ambalo najua na wewe unalo. Kama ni kitu cha kurithi, mtu anaurithi vipi ugumba? Baba yake angekuwa mgumba, yeye angetoka wapi?

Jibu lake liko hivi. Jeni nyingi tunazo mbilimbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni moja ikiharibika, nyingine inafanya kazi ya zote mbili na hakuna anayejua. Baba ana moja mbovu na moja nzima, anazaa. Mama naye vivyo hivyo, anazaa. Lakini kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kupewa zile mbovu zote mbili. Akiwa wa kike, zinakaa kimya. Akiwa wa kiume, kasheshe! Hapo ndugu wanasimama kwenye kikao na kusema, "Kwetu hakuna mgumba, tuko tisa!" Ni kweli mko tisa, lakini hilo halithibitishi chochote kuhusu huyu mmoja.

Mwaka 2009 watafiti walieleza habari za familia mbili za Iran ambazo wanaume wake walikuwa wagumba, na jeni la CatSper ya kwanza limeharibika. Zilikuwa familia za watu kuoana ndugu kwa ndugu. Na sisi huku tunasema binamu nyama ya hamu. Siwakatazi, mila ni mila, lakini ndugu wakioana ni rahisi zaidi jeni bovu la babu mmoja kukutana na pacha wake.

Kuna kisa kingine kilichonishangaza. Kwenye kromosomu ya 15, jeni la CatSper ya pili limekaa jirani na jeni linalohusika na usikivu wa masikio. Wapo watu waliozaliwa bila kipande hicho chote, kwa baba na kwa mama. Wanaume wao husikia kwa shida na hawapati mtoto. Dada zao wana shida ileile ya masikio, lakini wanazaa. Damu moja, tumbo moja, upungufu uleule, ila mlango wa mbegu unamhusu kaka peke yake.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikose usingizi. Mwaka 2024 katika jarida la utafiti wa tiba la Marekani yalichapishwa matokeo ya timu iliyofanya kazi Münster, Ujerumani, akiwemo Timo Strünker, mtu yuleyule wa Bonn wa mwaka 2011. Waliwapima wanaume karibu 2,300 waliokuja kuchunguzwa uzazi. Wakatumia kipimo rahisi, cha kuangalia mwendo wa mbegu, kuona kama mlango wa CatSper unafanya kazi. Wakawapata wanaume ambao vipimo vyao vya kawaida ni safi kabisa, kama karatasi ya shemeji, lakini mlango haufanyi kazi. Wakaangalia jeni zao, wakakuta kasoro ziko hapohapo. Mbegu za mabwana hao zilishindwa kuingiza gia ya mlima, na zilishindwa kulipenya ganda la yai.

Hao si wengi kwa hesabu ya wanaume wote, tusitiane hofu. Lakini watafiti walisema kwamba katika ule ugumba wa wanaume ambao madaktari walikuwa wanaandika tu kwamba sababu haijulikani, hii ndiyo sababu inayoonekana mara nyingi kuliko zote zilizokwishajulikana. Msomaji, fikiria ni wanawake wangapi duniani wamebebeshwa mabegi kwa sababu karatasi ya bwana ilikuwa safi.

Je, ikiwa hivyo, mtu ndio basi? Hapana. Mabwana wa Münster walijaribu kwa njia ya kawaida, wakashindwa. Wakajaribu kupandikiziwa mbegu kwenye kizazi cha mke, ikashindikana. Wakajaribu kuliweka yai na mbegu pamoja kwenye chombo cha maabara, ikashindikana pia, maana hata kwenye chombo ganda ni lilelile. Kilichowasaidia ni sindano. Mtaalamu anaichukua mbegu moja kwa sindano nyembamba na kuiingiza mwenyewe ndani ya yai. Hapo mjeledi hauna kazi tena, mgeni amebebwa mgongoni mpaka sebuleni. Njia hiyo ilianzia Brussels, Ubelgiji, na watoto wake wa kwanza walitangazwa mwaka 1992. Mtoto anayezaliwa anapokea jeni moja bovu kutoka kwa baba, lakini kama mama ana zake nzima, mtoto hatapata tatizo la baba.

Bei? Hapo ndipo kahawa inapokuwa chungu. Kliniki za kazi hiyo zipo Nairobi, zipo Kampala, zipo Dar es Salaam, lakini gharama zake si za mtu wa kupiga debe. Na kipimo cha huo mlango hakimo katika kile cha kawaida cha kikopo, kwa hiyo usikimbilie dirishani ukadai upimwe CatSper, utamchanganya yule dada wa mapokezi. Lakini mtu akijua kwamba sindano ndiyo njia, angalau hatamaliza kiwanja chake kulipia zile njia mbili za kwanza.

Alhamisi nikakutana na shemeji palepale kwenye mwembe. Nikamweleza yote haya. Nikamwambia wazi kwamba sijui kama tatizo lake ni hili. Linaweza kuwa hili, linaweza kuwa jingine, na yule mke wa sasa naye apimwe, maana watu wawili wanaweza kuwa na tatizo kila mmoja na lake. Ninachojua ni kwamba karatasi yake haikuwahi kusema alichotuambia kwenye mkeka. Ilisema mbegu zipo na zinakwenda. Haikusema zinafika, wala haikumtaja dada yangu mahali popote.

Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Ningejuaje?"

Hapo nilishindwa kumjibu, kwa sababu mimi pia niliisoma karatasi ile, na mimi pia sikujua, ila nilijibu kama ninayejua.

Usiku nikampigia dada simu. Yuko Mbagala, anashona, anajitegemea. Hajaolewa tena. Wachumba walikuja wawili, wakasikia kwamba aliachwa kwa kutozaa, wakayeyuka. Nikamweleza habari ya karatasi, ya milango, ya panya wa Boston. Nikamwambia, "Dada, siku ile nilisoma vibaya."

Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Ulikuwa mtoto. Lakini mjomba alikuuliza wewe, na wewe ukajibu."

Sikuwa na neno. Akaendelea, "Na huyo mwenzangu aliyeko kule sasa hivi? Wameshaanza kumwambia habari za kuku na mbuzi?"

Nikasema sijui.

"Basi mwambie shemeji yako asimfukuze na huyo."

Nimemfikishia. Amesema wanakwenda hospitali wote wawili, na safari hii hatatangulia peke yake akarudi na karatasi mfukoni. Nitaona. Na dada nimemwahidi kwamba akitaka kupimwa, kwa ajili ya moyo wake mwenyewe na si kwa ajili ya mchumba yeyote, nauli na gharama ni juu yangu, hata kama itabidi niandike kurasa tatu kila wiki.

Wewe msomaji wangu, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba katika kila watu wazima sita, kama mmoja hivi hupata tatizo la uzazi wakati fulani wa maisha yake. Hesabu nyumba za mtaa wako. Kikao kama kile cha kwetu kitaitishwa tena, pengine kwenye uwanja wako, na pengine wewe ndiye utakayepewa karatasi usome kwa sababu ulipita sekondari. Ukipewa, sema hivi: "Wazee, hii ni nusu ya habari. Waende wote wawili kwa daktari, halafu ndipo tukae." Kisha wagawie soda zao, wanywe, waondoke. Begi la mtu libaki chini ya kitanda.

Kama una kisa chako, niandikie kupitia gazeti hili hili, jina lako nitalihifadhi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaimaliza ile vita ya kamba ya nguo.

Kahawa imepoa. Kwaherini.